Tochi haijafa, njia imeziba
Somo la kikundi: kutafuta ugonjwa wa tochi ya LED, kuitibu na kuiongezea maisha



Wakati wa mavuno ya mpunga yaliyopita, pale Bengamisa, mlinzi wa depo alituletea kapu la tochi. "Zote zimekufa," akasema. "Mutununulie zingine." Mweka hazina akafungua daftari, akalifunga tena. Pesa zilizokuwamo zilikuwa za magunia, na tochi zile zilikuwa zimenunuliwa msimu huohuo.

Tukaomba siku moja. Tulikaa chini ya mwembe na bisibisi, kipande cha msasa, waya na kipimo cha umeme. Jua lilipotua, zaidi ya nusu ya tochi zile zilikuwa zinawaka, na hatukununua hata kitaa kimoja. Betri zilikuwa bado na nguvu na vitaa vilikuwa vizima. Kilichokuwa kimekufa ni njia kati yao: kutu kwenye springi, uchafu ndani ya swichi, waya uliokatika pale ulipolehemiwa.

Ndiyo maana somo la leo tunalifupisha kwa neno moja, nalo tunaomba mlishike: kabla ya kuongeza nguvu, fungua njia.

Kwa nini tunapoteza muda na tochi

Waya za umeme wa mjini hazifiki kwetu. Kutoka Bengamisa hadi Kisangani ni kilomita kama 50, na wanaopeleka makala, mihogo na ndizi kwa baiskeli wanaondoka kabla jogoo hajawika. Ndezi anakula shamba usiku. Mafuta ya mawese hayangoji asubuhi kama ngazi zimekwisha kuchemka. Nyoka anavuka njia ya choo bila kupiga hodi. Na mama akishikwa na uchungu saa nane ya usiku, tochi ndiyo inayomfikisha kwa mkunga.

Basi tochi ni chombo cha kazi sawa na panga na jembe. Panga likipoteza makali tunalinoa. Tochi ikififia, kwa nini tunaitupa?

1. Ijue tochi yako

Tochi ina vitu vinne tu. Fikiria maji yanayotoka mtoni kwenda kwenye bwawa lako la samaki.

Betri ni mto: ndiyo yenye msukumo, nao tunaupima kwa volti. Betri kavu mpya ina volti 1.5. Betri ya lithiamu, ile ya mviringo yenye unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65 ambayo mafundi wanaiita 18650, ina volti 4.2 ikijaa, na kawaida yake ni 3.7. Betri ya risasi ya zile tochi kubwa za kuchomeka kwenye prizi ni ya volti 4.

Njia ni mfereji: ncha za betri, springi, swichi, nyaya na mahali palipolehemiwa.

Kitaa cha LED ni bwawa. Kitaa cheupe kinahitaji volti kama 3.2 ili kiwake vizuri. Kile kidogo cha duara, cha milimita 5, kimetengenezwa kwa mkondo wa miliampea 20. Kikubwa cha wati 1 kinachukua kama miliampea 350.

Rezistansi ni mlango wa mfereji: inapunguza mkondo ili maji yasibomoe bwawa. Tochi nyingi za bei ya chini hazina mlango huo kabisa. Mtengenezaji anategemea udhaifu wa betri kavu, kwamba haiwezi kutoa mkondo mkubwa. Neno hili tutalirudia mbele, kwa sababu ndilo lililotuunguza.

2. Kutafuta ugonjwa, hatua kwa hatua

Fuata mpangilio huu. Usiruke hatua hata kama unaona unajua.

Hatua ya 1. Toa betri, zipime moja moja. Betri kavu iliyo chini ya volti 1 imechoka. Usichanganye mpya na iliyochoka, maana ile mpya itamaliza nguvu kuisukuma mwenzake. Huna kipimo? Ziweke kwenye tochi nyingine inayowaka.

Hatua ya 2. Angalia ncha na springi. Ukiona unga mweupe au wa kijani, betri imevuja. Ukwangue ukiwa mkavu, pangusa kwa kitambaa chenye spiriti ya dispensari kidogo, kisha piga msasa mpaka chuma king'ae. Nawa mikono. Lotoko iacheni kwa wenyewe: ina maji, nayo maji ndiyo yanayoleta kutu.

Hatua ya 3. Ipite swichi. Chukua waya wa shaba uliomenywa, unganisha pande mbili za swichi. Tochi ikiwaka, mgonjwa ni swichi. Mara nyingi kuibonyeza mara 20 au 30 ikiwa na tone la spiriti ndani kunatosha. Isipopona, ibadilishe na swichi ya redio iliyokufa.

Hatua ya 4. Fuata nyaya. Vuta kila waya taratibu kwa vidole. Uliokatika ndani ya ganda lake utajionyesha. Mahali palipolehemiwa pakiwa na rangi ya majivu na ufa wa duara, palehemu upya.

Hatua ya 5. Mwisho kabisa, pima kitaa. Betri kavu mbili nzima zikifuatana zinatoa volti 3, nazo zinatosha kuwasha kitaa cheupe kwa mwanga mdogo bila kukidhuru. Kama hakiwaki, geuza pande kwanza, kwa sababu LED inapitisha umeme upande mmoja tu. Mguu mrefu ndio wa chanya. Kikikataa pande zote mbili, hapo sasa unaweza kusema kimekufa.

3. Dalili na maana yake

*Inazima na kuwaka ukiitikisa:* njia imelegea. Rudi hatua ya 2 na ya 4.

*Inawaka vizuri dakika chache, kisha inafifia. Ikipumzika inarudi:* betri imechoka.

*Ni hafifu hata kwa betri mpya:* kuna kutu njiani. Hapa tupige hesabu ndogo. Kitaa cha wati 1 kinapitisha miliampea 350. Kutu ya ohm 1 tu kwenye springi inakula volti 0.35. Na kitaa hakianzi kuwaka polepole kama taa ya zamani ya waya: ukikinyima volti hizo, mwanga mwingi unakwenda.

*Vitaa viwili au vitatu vimezima na vingine vinawaka:* viliunganishwa bila rezistansi, na vile laini vilichukua mkondo mkubwa kuliko wenzao. Vilivyobaki viko njiani kufuata.

*Mwanga umekuwa wa buluu:* kitaa kimepikwa. Kitaa cheupe kwa kweli ni cha buluu, kimefunikwa kwa unga wa njano unaogeuza sehemu ya mwanga huo. LED ya buluu ndiyo iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, kwa sababu bila hiyo taa nyeupe za namna hii zisingepatikana. Unga ule ukiungua kwa joto, buluu inabaki peke yake. Kitaa hicho kitibu kwa kupunguza mkondo au kibadilishe.

4. Maboresho matatu yanayofaa

Kule Ulaya, Marekani na China kuna watu wanaofungua tochi kwa kupenda tu, kama wengine wanavyopenda mpira. Wanabadilisha springi, vitaa na betri, wanashindana nani anamulika mbali zaidi. Tumejifunza mengi kutoka kazi zao, lakini shabaha yetu si yao. Wao wanataka mwanga mkubwa. Sisi tunataka mwanga unaofika asubuhi.

*Boresho la kwanza: waya juu ya springi.* Springi ni chuma chembamba kilichozungushwa mara nyingi, nacho kinakula umeme hata kikiwa safi. Chukua waya laini wa shaba wenye nyuzi nyingi, ulehemu kutoka chini ya springi hadi juu yake, ukiacha urefu wa kutosha springi ibonyee. Umeme utapita kwenye shaba, springi ibaki na kazi ya kushikilia tu. Hili linaonekana zaidi kwenye tochi za vitaa vikubwa.

*Boresho la pili: punguza mwanga, ongeza usiku.* Hapa wengi wanashangaa. Jicho la mtu halihesabu kama mashine: ukikata mkondo nusu, jicho linaona mwanga umepungua kidogo tu, lakini betri inaishi karibu mara mbili. Na kitaa kinapoa.

Hesabu yake ni rahisi. Toa volti za kitaa kutoka volti za betri, kisha gawa kwa mkondo unaoutaka, kwa ampea. Unapata ohm za rezistansi.

Mfano: tochi ya vitaa 9 vidogo, betri moja ya lithiamu iliyojaa. Volti 4.2 kutoa 3.2 inabaki 1. Vitaa 9 mara miliampea 20 ni miliampea 180, yaani ampea 0.18. Moja gawa kwa 0.18 ni karibu ohm 5.6, na rezistansi ya 5.6 inapatikana sokoni. Kwa betri ya zamani yenye miliampea-saa 1500, utapata kama saa 8.

Sasa weka ohm 12 badala yake. Mkondo unashuka hadi kama miliampea 83, na betri ileile inakwenda kama saa 18. Mlinzi wa depo atamulika usiku mzima, na kesho yake tena nusu ya usiku. Tumewapa walinzi tochi mbili, moja ya namna kila moja, bila kuwaambia tofauti. Walichagua ile ya ohm 12.

Ukipenda mwanga wa aina mbili, weka swichi ndogo ya kuchagua: upande mmoja 5.6, upande mwingine 12.

*Boresho la tatu: betri ya lithiamu.* Hili lina faida kubwa kuliko yote, na linaweza kuchoma nyumba. Tunaomba msome sehemu inayofuata mpaka mwisho kabla ya kugusa kitu.

5. Lithiamu: tulivyojiunguza wenyewe

Betri za lithiamu zilianza kuuzwa mwaka 1991. Leo ziko ndani ya simu na kompyuta nyingi, na nyingi zina kobalti, ambayo zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani inatoka nchini mwetu, upande wa Lualaba na Haut-Katanga. Inatoka ardhini kwetu, inazunguka dunia, inarudi Kisangani ndani ya kompyuta iliyokufa. Mafundi wanafungua betri ya kompyuta, wanakuta zile 18650 sita, na mara nyingi nne bado nzima.

Sisi tuliona hapo mali. Tukachukua tochi kubwa ya prizi ambayo betri yake ya risasi ilikuwa imekufa, tukatoa ile ya risasi, tukaweka lithiamu. Iliwaka vizuri sana. Tukasifiwa. Wiki iliyofuata mmoja wetu akaichomeka kwenye jenereta, ndani ya depo, akaenda kula.

Chaja ya tochi ile imetengenezwa kwa risasi. Haijui kusimama kwenye volti 4.2. Iliendelea kusukuma. Betri ikapasuka, ikatoa moshi na moto. Mkeka uliungua, na magunia mawili ya mpunga pamoja nao. Mlinzi aliwahi na mchanga. Angekuwa amelala, tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Kosa lilikuwa letu, wala si la mlinzi wala la betri. Tulilipa magunia yale, na tukaandika sheria hizi ukutani:

1. Ukiweka lithiamu kwenye tochi ya prizi, kata miguu ya prizi siku hiyohiyo, na toa chaja ya ndani yote. Usiseme "nitamwambia kila mtu asiichomeke." Mtoto hatajua.

2. Chaji kwa kibao cha lithiamu tu. Mafundi wa simu wanavyo vibao vidogo vilivyoandikwa TP4056: vinaingiza volti 5 kutoka chaja ya simu au paneli yenye mlango wa USB, na vinakata vyenyewe betri ikifika 4.2. Chagua kile chenye ulinzi, chenye sehemu mbili za B na mbili za OUT. Betri inaungwa kwenye B, tochi kwenye OUT. Hicho kinazuia pia betri isinyonywe mpaka ikafa.

3. Betri ya kompyuta kuukuu ipimwe kabla. Ikiwa chini ya volti 2.5, iache. Ikipata joto la kukuchoma mkono wakati wa kuchaji, iache. Ikijaa, iweke kando wiki moja: ikishuka chini ya volti 4 bila kazi yoyote, iache. Iliyobonyea, iliyovimba au iliyochanika ngozi, usijaribu hata mara moja.

4. Usilehemu juu ya betri kwa moto mrefu. Tumia kishikizo cha betri chenye springi. Ukikosa, omba fundi mwenye zile zenye vipande vya bati tayari, ulehemu kwenye bati.

5. Usiweke lithiamu kwenye tochi ya betri kavu tatu bila rezistansi. Kumbuka tulichosema: tochi hizo zinategemea udhaifu wa betri kavu. Lithiamu si dhaifu. Vitaa vitang'aa kama radi, kisha vitakufa.

6. Kuchaji kunafanyika nje ya depo na nje ya nyumba ya majani, juu ya udongo au ndani ya chungu chenye mchanga, na mtu awe macho. Ndoo ya mchanga ikae karibu.

6. Kama bado una betri ya risasi

Usiharakishe kuitupa. Nyingi zinakufa kwa kuachwa na njaa: tochi inatumika mpaka izime, kisha inawekwa juu ya kabati miezi mitatu. Betri ya risasi ikikaa bila chaji inaganda ndani. Ichaji mara baada ya kuitumia, na mara moja kwa mwezi hata kama hukuitumia. Baada ya kuchaji, ipumzike saa kadhaa, kisha ipime: ikiwa volti 4.2 au zaidi, ina afya. Ikishindwa kufika 4, imezeeka.

Na onyo moja: usifungue tochi ya prizi ikiwa imechomekwa. Ndani yake nyingi hazina kitu kinachotenganisha mkono wako na umeme wa jenereta. Ukiichomoa, ngoja dakika chache kabla ya kugusa.

7. Maswali tuliyoulizwa mkutanoni

*Maji ya mvua yanaingia. Tufanye nini?* Kata pete nyembamba kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, ikae pale kichwa kinapofungwa. Mpira huohuo unatoa mkanda wa kufunga tochi kichwani, mikono ibaki huru kwa kazi ya mawese.

*Tunaweza kuweka kitaa kikubwa cha wati 3 kwenye tochi ya plastiki?* Kuweka mnaweza, kudumu haitadumu. Kitaa kikubwa kinahitaji chuma cha kuondoa joto. Kilehemu au kibane juu ya kipande cha alumini, mfano cha redio iliyokufa, na mkondo uwe mdogo. Ukishindwa kukishika kwa kidole baada ya dakika 5, kiko jikoni.

*Betri zilizokufa zitupwe wapi?* Si mtoni, si chooni, si motoni. Funika ncha zake kwa utepe, ziweke ndani ya bidoni kavu yenye mfuniko, mbali na kisima na mbali na watoto.

8. Kazi ya kikundi kabla ya mkutano ujao

Kila mwanachama alete tochi yake "iliyokufa". Gawaneni watu wanne wanne, mfuate hatua 5 bila kuruka. Andikeni kwenye daftari: ugonjwa ulikuwa wapi, nini kilitumika, imegharimu franka ngapi, na mpya ingegharimu ngapi. Mweka hazina asome jumla mbele ya wote.

Chagueni watu wawili, mama mmoja na baba mmoja, wawe waganga wa tochi wa chama. Wakabidhiwe kipimo, msasa, waya na chuma cha kulehemu, viandikwe kama mali ya chama. Na zile sheria 6 za lithiamu zibandikwe kwenye mlango wa depo, upande wa nje, mahali ambapo hata asiyejua kusoma ataona na kuuliza.

Kapu lile la mlinzi bado tunalo. Limebaki na tochi chache tu, zile zilizokufa kweli, nazo tunazitoa swichi na springi za kutibia wenzake.